Bi Samahani na Kitufe cha Sikio

Pale ofisini walimwita Bi Samahani, na jina hilo hakupewa bure. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu habari ambazo hawakutaka kuzipata. Programu ikigoma asubuhi nzima, yeye ndiye aliyeandika. Kitu walichokizoea kikihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto bila sababu ya maana, yeye ndiye aliyetumwa kuitafuta hiyo sababu ya maana. Habari njema, rangi mpya na mambo kama hayo, ziliandikwa na mwenzake wa matangazo aliyekaa karibu na dirisha, mtu ambaye hajapata kuandika sentensi isiyoishia na alama ya mshangao. Mabaya yote yalikuja kwa Bi Samahani, naye hakulalamika. Alisema mabaya yanahitaji mtu mzima.

Kampuni yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Vyumba vitatu, stoo moja, na choo ambacho mlango wake haukufunga mpaka uuegemeze ndoo. Walitengeneza programu ya simu kwa ajili ya mafundi cherehani. Mteja anaandika anachotaka: vipimo, aina ya kitambaa, siku ya kuja kuchukua. Fundi anapata oda kwenye simu yake, anaikubali, anaanza kukata. Haikuwa programu ya kutikisa dunia, lakini mafundi waliizoea, na ukishamzoesha fundi kitu, jiandae kwa vita siku utakapokiondoa.

Bi Samahani aliwajua mafundi kuliko wenzake walivyodhani. Alilelewa na fundi. Mama yake alipofariki, shangazi yake, dada mkubwa wa baba, alimchukua akiwa bado hajaanza shule, akamkuzia chini ya meza ya kukatia, kati ya vipande vya nguo na vibobini vya uzi. Shangazi huyo alikuwa mkali kwa jambo moja tu, nalo ni kusoma. Kila jioni mtoto alisimama kando ya cherehani akasoma kwa sauti. Alisoma daftari lake la shule, barua zilizoletwa na jirani, tangazo la serikali ya mtaa, hata maandishi ya kwenye pakiti za sindano. Shangazi alisikiliza huku mguu ukikanyaga cherehani, na mwisho alisema maneno yaleyale. "Umesoma vizuri. Rudia." Watoto wa jirani walimwonea huruma, wakidhani anaadhibiwa. Yeye mwenyewe alipokuwa mkubwa alijua ni ukali ule uliomfikisha alipofika, na kila alipopata nafasi aliwaambia watu hivyo kwa majivuno kidogo.

Basi siku moja Meneja akamwita. Meneja alikuwa mtu mwema, anayewauliza watu hali za watoto wao na kungoja jibu, lakini akishika kalamu anageuka mwoga. Alimweleza kwamba kitufe cha sikio kinaondolewa. Hicho kilikuwa kitufe kidogo chenye picha ya sikio, kando ya kila oda. Fundi akikibonyeza, sauti ya mwanamke inamsomea oda kuanzia juu mpaka chini. Sauti ile ilikodiwa kutoka kampuni ya mbali, ikawa inawagharimu sana, na ukitazama takwimu, mafundi wanaoibonyeza ni wachache mno. Hilo lilikuwa kweli. Bi Samahani alizitazama takwimu mwenyewe na hakuona pa kubishia.

Walichobishania ni tangazo. Meneja alitaka lianze kwa kusema kampuni ina furaha kuwajulisha mafundi kwamba inaboresha huduma zake. Bi Samahani akamuuliza ni furaha gani hiyo, ya nani. Kwake, kumnyang'anya mtu kitu huku unatabasamu ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na fundi si mjinga, atajua. Alikuwa na utaratibu wake. Mstari wa kwanza useme kinachoondoka. Wa pili useme lini. Wa tatu useme kwa nini, bila kumung'unya maneno. Baada ya hapo ndipo unaomba radhi, mara moja tu, kwa sababu ukiomba mara tatu unaonekana unaficha jambo. Meneja alijikuna shingo, akasoma, akasoma tena, akakubali.

Tangazo lilitoka hivi: "Ndugu fundi, tunaondoa kitufe cha sikio. Kuanzia mwanzo wa mwezi ujao, simu yako haitakusomea oda. Sababu ni kwamba sauti hiyo inatugharimu kuliko tunavyomudu, na wanaoitumia ni wachache. Tunajua baadhi yenu mtaudhika, na mna haki. Tunaomba radhi. Oda zako zote zitabaki kwa maandishi kama kawaida." Lilikuja kwenye simu ya kila fundi ndani ya kisanduku cha njano, na lilirudi kila alipofungua programu, mpaka akibonyeze kuonyesha amelisoma. Bi Samahani alikuwa ameandika matangazo mengi, lakini hilo alilipenda. Jioni ile alimsomea mumewe wakati anakaanga vitunguu, na mumewe, ambaye hajui kushona hata kifungo, akasema kweli limenyooka.

Mafundi wachache waliandika kulalamika. Mmoja aliwaita wezi, mwingine alitaka kujua watoto wa Meneja wanakula nini. Alimjibu kila mmoja kwa adabu. Kisha mwezi mpya ukaandama, kitufe kikaondolewa, na hapo ndipo simu zilipoanza kulia.

Zilipokelewa na dada wawili waliokaa chumba cha nyuma wakiwa na vipokea sauti vichwani. Mafundi walisema simu zao zimeharibika. Zimekuwa bubu. Dada akimuuliza fundi kama hakuliona tangazo, fundi hakukosa la kusema. Miwani imevunjika. Simu ilikuwa na mjukuu. Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani. Nilikuwa na haraka. Nilifikiri ni tangazo la biashara. Dada wa kwanza alikuwa hodari wa kuigiza sauti, na wakati wa chai aliwaigiza mmoja mmoja mpaka watu wakashika mbavu.

"Watu hawasomi," akasema Meneja, akitikisa kichwa.

Katika ofisi ile maneno hayo yalisemwa mara nyingi kuliko habari za asubuhi. Bi Samahani naye aliyasema, tena kwa uchungu kidogo. Mtu ukishapika chakula chako ukakitia kila kitu, halafu wageni wakasusa, lazima kikukae moyoni.

Jumamosi shangazi alimjia nyumbani. Hakuwa mtu wa kuja bila kusema, kwa hiyo Bi Samahani alipomwona mlangoni alijua kuna jambo. Alimwamkia, akampa kiti, akataka kuweka maji ya chai. Shangazi hakutaka chai. Alitoa simu iliyofungwa ndani ya leso, akaifungua taratibu, akaiweka mezani kama mtu aliyeleta kuku mgonjwa.

"Itazame hii mwanangu. Imekuwa bubu."

Simu hiyo alinunuliwa na Bi Samahani mwenyewe, na ile programu aliiweka yeye, miaka michache nyuma, akifurahi kwamba sasa shangazi ana kitu kilichotoka ofisini kwake. Shangazi aliishika upesi kuliko ilivyotegemewa kwa mtu wa umri wake. Hakuwahi kuuliza swali hata moja.

Alieleza kisa chake akiwa anatazama ukuta. Zahanati ya karibu, mteja wake mkubwa, ilileta oda ya sare za wauguzi kama kila mwaka. Akazishona kama za mwaka jana, mikono mifupi. Alipozipeleka, mkuu wa zahanati, bibi mmoja mwenye haraka zake, akafungua mfuko, akainua gauni moja juu mbele ya wauguzi wote. Akasema yeye aliandika mikono mirefu. Aliandika wazi.

"Akaniuliza, 'Kwani mama, hukusoma?' Nikamwambia simu yangu mbovu." Shangazi akaisukuma simu upande wake. "Amenipa mpaka Ijumaa nizirekebishe. Zikishindikana, kazi yote anampelekea yule fundi wa barabarani. Nisipokuwa na zahanati, mwanangu, mimi sina kazi. Hawa wengine ni wa kupunguza suruali."

Bi Samahani alichukua simu. Oda ilikuwapo, imeandikwa vizuri: safari hii mikono iwe mirefu, ifike kwenye kifundo. Na juu yake kilikuwapo kile kisanduku cha njano, hakijaguswa. Akacheka kidogo kwa kupata nafuu, maana alidhani ni jambo zito.

"Shangazi, simu ni nzima. Ni sisi tulikiondoa kile kitufe. Tuliwaandikia. Si hili hapa tangazo? Hebu soma."

Akamkabidhi simu. Shangazi akaishika, akaisogeza mbali na uso, akaileta karibu. Macho yake hayakwenda popote juu ya kioo. Yalikaa mahali pamoja, kama mtu anayetazama picha ya watu asiowajua.

"Miwani nimeiacha kwenye cherehani," akasema. "Nisomee wewe."

Miwani ilikuwa kifuani pake, imening'inia kwenye uzi mweusi. Ndiyo ile aliyoivaa kila siku kutungia uzi kwenye tundu la sindano, tundu dogo kuliko herufi yoyote. Bi Samahani aliitazama miwani, akamtazama shangazi yake, na shangazi akageuka kutazama ukuta tena.

Hakuwa na macho mabovu. Hakupata kujua kusoma, tangu mwanzo, na katika nyumba nzima, katika ukoo mzima, hakuna aliyeijua siri hiyo. Bi Samahani akavuta kiti, akakaa. Kumbe ndiyo maana ya zile jioni zote. Barua zilipofika zilihitaji mtu wa kuzisoma, na mtu huyo alikuwa yeye, mtoto wa darasa la pili aliyesimama kando ya cherehani akidhani anapimwa. "Rudia" haikuwa ukali wa mwalimu. Mwanamke yule alikuwa anatia maneno kichwani, kwa sababu yakishasemwa hakuwa na pengine pa kuyaweka. Na mtoto alipokua akaondoka, shangazi akapata kitufe chenye picha ya sikio, na kitufe hicho mtoto yuleyule alishiriki kukiondoa, akamwandikia tangazo safi la kumjulisha.

Alijisikia vibaya, na hakuna haja ya kulizunguka hilo. Lakini aliona pia kwamba akisema neno moja la huruma atamvunjia shangazi heshima ndani ya nyumba ambayo heshima hiyo ndiyo iliyoijenga. Basi akafanya alichoombwa. Akasoma. Alisoma tangazo lake mwenyewe kwa sauti, na alipofika mwisho, kwenye "oda zako zote zitabaki kwa maandishi kama kawaida," akapunguza mwendo.

"Umeandika wewe?" akauliza shangazi.

"Ndiyo, Shangazi."

"Limeandikwa vizuri." Akanyoosha leso juu ya goti. "Kwa hiyo haitasema tena."

"Haitasema."

Baada ya hapo akamsomea oda ya zahanati, gauni moja baada ya jingine, mabega na kiuno na urefu wa mikono. Shangazi alisikiliza akiwa amefumba macho, midomo ikicheza. Kila alipomaliza aliambiwa arudie, akarudia. Kisha akamsomea na oda nyingine zote zilizokuwa zimelala mle ndani. Wakati wa kuondoka, akiwa mlangoni, shangazi alifunga simu kwenye leso na kusema bila kugeuka, "Habari ya miwani iishie humu ndani."

"Imeishia, Shangazi."

Jumatatu Bi Samahani aliomba kikao. Alisema anataka kitufe kirudi. Meneja alidhani ni utani, maana ni yeye aliyeandika kwamba kinaondoka, tena kwa madaha. Fundi wa programu, mtu mkimya aliyependa kula karanga wakati wa vikao, aliacha kutafuna. Meneja akatoa takwimu zilezile. Wanaokitumia ni wachache. Bi Samahani akasema wachache hao ndio wasiojua kusoma, na ndio hao hao ambao tangazo halikuwafikia, kwa sababu kitufe kilisoma oda tu, kisanduku cha njano hakikukigusa, na hakuna mtu mle ndani, yeye akiwa wa kwanza, aliyewaza hilo hata kwa dakika moja.

"Nipe mtu mmoja," akasema Meneja, na hakusema kwa ubaya. "Mtu mmoja tu unayemjua ambaye hajui kusoma na anatumia programu yetu. Maana hata kujiandikisha ni lazima usome."

Huyo mtu mmoja alikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Angemtaja, kikao kingekwisha hapo, na watu wangemwonea huruma, na mwenzake wa matangazo angetaka kupiga picha. Hakumtaja. Badala yake akatoka, akamwomba dada wa chumba cha nyuma aje na majibu ya wale waliopiga simu, awasomee tu, bila kuigiza.

Dada akasoma. Miwani imevunjika. Mjukuu alikuwa na simu. Miwani. Jua kali. Nilikuwa na haraka. Miwani nimeisahau. Miwani. Aliendelea, na Meneja aliyekuwa anatabasamu mwanzoni, kwa mazoea ya chai, taratibu akaacha. Dada mwenyewe sauti ilimpungua, kwa sababu hao ndio aliowaigiza wiki nzima kuwachekesha watu.

"Hakuna hata mmoja aliyesema hajui kusoma," akasema Bi Samahani. "Wala hatasema. Mimi ningekuwa yeye, nisingesema. Sisi tumewaandikia watu kuwaambia kwamba hatutawasomea tena, halafu tunakaa hapa tunasema watu hawasomi."

Meneja alishika tama. Mwishowe alisema ukweli wake, na ulikuwa ukweli: kukibakiza kitufe milele hawawezi. Sauti imelipiwa mpaka katikati ya mwaka, basi. Mpaka hapo kinaweza kurudi. Fundi wa programu akasema, huku akikusanya maganda ya karanga, kwamba akikesha siku chache anaweza kuweka njia ya mteja kusema oda yake kwa mdomo, akarekodi, ikafika kwa fundi kama ilivyo. Alilalamika kwamba ni kazi kubwa na hakuna atakayemshukuru. Alikuwa sahihi kwa yote mawili.

Likabaki tangazo. Safari hii lingesemwa. Mwenzake wa dirishani alijitolea, akajaribu, na alisikika kama anauza sabuni. Basi Bi Samahani akachukua simu akaingia stoo, akajifungia kati ya maboksi, akiwa na karatasi aliyoiandika kwa uangalifu. Alisoma mara ya kwanza, akasikiliza, akafuta. Ilikuwa sauti ya karatasi. Mara ya tatu aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akasema tu, kama anavyosema na mtu aliyeshika mkasi.

Alisema: "Fundi, habari za kazi. Ninajua mikono yako ina shughuli, ndiyo maana ninakwambia kwa mdomo. Kitufe cha sikio tulikiondoa bila kukupa taarifa unayoweza kuisikia. Hilo ni kosa letu, simu yako ni nzima. Tumekirudisha, lakini si kwa siku zote. Mwezi wa sita ukiisha, kitaondoka kabisa. Kuanzia sasa mteja wako anaweza kukutumia oda kwa sauti yake mwenyewe. Mwambie abonyeze picha ya mdomo. Ukitaka kunisikia tena, bonyeza sikio."

Meneja alipolisikiliza aliuliza kama ni lazima kusema kosa letu. Bi Samahani akasema ni lazima. Likatoka hivyohivyo, likisikika lenyewe fundi akifungua programu, na wapo waliolipokea kwa matusi, kwa sababu kitu kinachoondoka kinaondoka hata ukikiaga vizuri. Lakini hakuna tena fundi aliyepiga simu kusema simu yake ni bubu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, yeye akiwa mezani anajibu malalamiko, simu yake ikaita. Alikuwa shangazi. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia, kisha ikasimama. Akasema wale wa zahanati wamezichukua sare zao, mikono mirefu, na bibi mkuu hakusema asante lakini ameleta oda nyingine, ipo humu kwenye simu, tena ameisema kwa mdomo wake, ana sauti ya kukwaruza kweli. Bi Samahani akasema vizuri.

"Lile tangazo nimelisikia," akasema shangazi. "Ni wewe."

"Ni mimi, Shangazi."

"Umesoma vizuri." Cherehani ilikanyagwa mara moja, ikaachwa. "Rudia pale kwenye mwezi."

Angeweza kumwambia abonyeze sikio. Bi Samahani akageuza kiti, akawapa wenzake mgongo, akarudia.